Zile picha za 2008 hazikuanza kwa simu yako

Nilikuwa na miaka minne uchaguzi wa 2007 ulipolipuka. Ninachokumbuka ni mathe kunikataza kwenda dirishani, basi. Shuleni tulisoma Mau Mau, tukasoma hadi Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini hii ya juzi, kimya. Nyumbani pia kimya. Kwa hivyo mimi, kama wengi wenu, historia hiyo niliipata kwa simu, vipande vipande, bila maelezo yoyote.

Na ndio maana nilikosea. 2022, wiki za kampeni, nilichukua picha kama kumi za 2008 mtandaoni, nikaziunga kwa klipu ya sekunde arobaini, nikaweka na biti kali. Sikuandika ni wapi, ni lini, nani alipiga. Ilienda vibaya sana, nikajiona mimi ndio mimi. Siku ya tatu mama mmoja akaniandikia: "Kijana, huyo amelala barabarani ni ndugu yangu. Hiyo ngoma ni ya nini?"

Niliitoa hiyo klipu. Halafu nikaanza kutafuta hizo picha zilitoka wapi.

Turudi nyuma kidogo. Jioni ya 30 Desemba 2007, Kibaki akishatangazwa mshindi, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Yaani nchi inaungua na TV hairuhusiwi kukuonyesha ikiungua. Ndani ya siku chache, Januari 2008, Ory Okolloh na wenzake akina Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia wakaanzisha Ushahidi. Ulikuwa unatuma SMS au unaandika kwa tovuti: hapa kumechomwa, hapa watu wamefukuzwa. Ripoti yako inakuwa alama kwenye ramani. Kumbuka hiyo ni 2008, simu nyingi zilikuwa za mulika mwizi. Miaka miwili baadaye, programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la Januari 2010. Hii kitu ilitoka hapa kwetu, manze, na hatuiongelei.

Upande mwingine kulikuwa na Boniface Mwangi, akiwa mpiga picha wa The Standard. Alipiga vita mtaa kwa mtaa. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika wiki hizo. Lakini gazeti lina shida yake: picha kali mno haiingii, na hata ile imeingia, kesho inafunga mandazi. Februari 28 Kibaki na Raila wakatia sahihi mkataba, na Kenya ikaanza ile kazi yetu tunaiweza kabisa, ya kujifanya hakuna kitu kilitokea.

2009 Mwangi akaanzisha Picha Mtaani. Hakuzipeleka kwa jumba la sanaa ambako watu wanakunywa divai. Alizitundika nje, mjini, bure, zikazunguka miji mbalimbali. Umetoka kununua sukuma, unakutana na nyumba inaungua, na kando yako amesimama mtu ambaye pengine alikuwa upande ule mwingine. Huwezi kuswaipu. Hiyo sehemu ndiyo ilinigusa zaidi, kwa sababu klipu yangu niliitengeneza mtu asipate hata nafasi ya kusimama.

Kazi haikukwama hapo. 2011 alifungua Pawa254, nyumba ya wasanii na wanaharakati. 2012 kuta za Nairobi zikachorwa wanasiasa kama tumbusi. 2020 Sam Soko akatoa Softie, filamu kuhusu Mwangi mwenyewe, familia yake na bei waliyolipa. Gazeti, barabara, ukuta, filamu: hasira ni ile ile, na kila mahali inabeba kitu ambacho kwingine hakingeingia. Wakati huo huo kesi za ICC zilikuwa zinaanguka moja baada ya nyingine, hadi ile ya Ruto na Sang ikafa Aprili 2016. Korti haikutuachia hukumu. Tulibaki na picha.

Sasa fikiria 25 Juni 2024. Sisi ndio tulirekodi, kila mtu na simu yake. Nimejaribu kutafuta klipu zangu za siku hiyo: nyingine ziko kwa simu iliyoibiwa, nyingine kwa akaunti za watu waliozifuta. Zile zimebaki, nusu hazina jina wala saa. (Niliacha chuo mwaka wa pili, sijui mambo ya maktaba, lakini kuandika tarehe sidhani kunahitaji digrii.)

Yule mama nilimwandikia tena, nikaomba msamaha, nikamuuliza kama angependa kuongea. Ilichukua miezi. Tukarekodi sauti yake tu, uso hapana, na picha moja aliyoichagua mwenyewe: ndugu yake akiwa hai, amevaa suti ya kuazima. Ina dakika saba. Watu mia mbili na kitu wameitazama.

Mathe ni mmoja wao. Aliirudisha mwanzo mara mbili, akaweka simu chini, akaniambia, "Sisi tulilala chini ya kitanda siku tatu. Leta chai nikuambie."