Dizeli ilizaliwa bila kilango cha koo

MWAKA jana gari langu la dizeli lilikata pumzi nikipanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru. Nilikanyaga mafuta hadi sakafuni, likajibu kwa wingu la moshi mweusi. Lori la mizigo likanipita polepole, utingo wake akinipungia mkono kwa huruma.

Kesho yake nilikuwa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Fundi kijana alifungua boneti, akasikiliza mngurumo, akasema, "Hii ni tabo, boss. Imekufa." Nilinunua tabo nyingine kwa pesa ambazo sipendi kuzitaja mbele ya mke wangu. Ilipofungwa, gari likawa vilevile. Nikamuuliza iwapo tatizo laweza kuwa throto, maana mwenzangu kazini alikuwa amelitaja neno hilo. Kijana akacheka. "Dizeli haina throto, boss. Throto ni ya petroli." Tuliachana kwa maneno makali, na moyoni nilimwita mwizi.

Wiki kadhaa baadaye ndipo nilipogundua kwamba kijana yule hakuwa mwongo. Alikuwa amesema kweli, ila kweli ya zamani.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Kiingereza kiliunda "throttle" kutokana na neno linalomaanisha koo, na kama kitenzi humaanisha kumkaba mtu. Wajerumani nao huita kifaa hichohicho kwa neno lenye asili ya koo. Kabla ya magari, throto ilikuwa kilango cha kukaba mvuke. Mnamo 1788 James Watt alikiunganisha kilango hicho na mipira miwili ya chuma iliyozunguka kwa nguvu ya injini yenyewe. Injini ikizidisha mwendo, mipira ilitanuka na kukivuta kilango kizibe. Ikilegea, kilango kilifunguka.

Magari ya petroli yaliurithi ukabaji huo kwa sababu maalumu. Petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa kipimo, takriban sehemu moja ya petroli kwa sehemu 15 za hewa, kwa uzani. Ukitaka nguvu ipungue, huwezi kupunguza petroli peke yake. Sharti upunguze na hewa. Basi kikawekwa kilango cha duara kwenye njia ya hewa, kikafungwa kwa waya hadi kwenye kanyagio. Sote husema "kanyaga mafuta", lakini dereva wa petroli hukanyaga hewa. Mafuta hufuata tu.

Dizeli ni ukoo mwingine kabisa. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, aliomba hataza ya wazo lake mwaka 1892, na injini yake ikaonyesha uwezo wake mjini Augsburg mwaka 1897. Ndani ya silinda, hewa tupu hugandamizwa hadi ikawa moto kiasi cha kuwasha mafuta bila plagi. Hewa ikizidi haidhuru kitu. Kwa hivyo koo huachwa wazi, injini ikameza hewa yote inayoweza, na nguvu ikapimwa kwa kiasi cha mafuta kinachopulizwa ndani. Mercedes-Benz 260 D, mojawapo ya magari madogo ya kwanza ya dizeli kuundwa kwa wingi, lilionyeshwa Berlin mwaka 1936, nalo lilifuata kanuni hiyohiyo. Kwa dereva wa dizeli, "kanyaga mafuta" ni Kiswahili sanifu na ni fizikia sahihi.

(Nitakuwa mwongo nikisema hapakuwa na kilango hata kimoja. Baadhi ya Mercedes za dizeli za miaka ya 1960 na 1970 zilikuwa nacho, lakini kazi yake ilikuwa kuunda mvuto wa hewa wa kuiamrisha pampu ya mafuta. Mafundi wa enzi hizo hawakukiona kama throto, na sidhani walikosea.)

Ni nini basi kilichokirudisha kilango? Moshi. Ulaya ilianza kuyabana magari madogo kwa viwango vya Euro 1 mwaka 1992, na kila baada ya miaka michache ikaongeza kamba. Joto kali ndani ya silinda huunganisha naitrojeni na oksijeni kuwa gesi zenye madhara kwa mapafu. Wahandisi wakapata dawa: rudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, upunguze joto. Lakini moshi hauingii mahali ambapo haukuvutwa, na dizeli yenye koo wazi haina mvuto wa kutosha. Kilango kikawekwa kizibe kidogo, kivute moshi. Kilipokwisha kuwepo kikapewa kazi nyingine: kufunga hewa unapozima gari ili injini ife bila kutetemeka, na kusaidia kupandisha joto la moshi ili masizi yaungue kwenye chujio.

Kwa hiyo kilango cha dizeli na cha petroli wana jina moja na sura moja, lakini tabia zao zinapingana. Injini ikiwa imezimwa, cha petroli hulala karibu kufungwa. Cha dizeli kwa kawaida husukumwa na springi kikae wazi.

Tofauti hiyo ndiyo iliyoniokoa. Nilipelekwa kwa mzee mmoja mwenye karakana ndogo Kiambu. Alichomeka mashine yake chini ya usukani, ikatoa misimbo miwili: P0299 na P0638. "Huu wa kwanza," akanieleza, "unasema shinikizo la tabo halitoshi. Hausemi nani amelishika. Huu wa pili unasema mota ya throto haitii amri." Akaizima injini, akalegeza bomba la hewa, akamulika tochi. Kilango kilichopaswa kukaa wazi kilikuwa kimesimama katikati, kimefunikwa na uji mzito wa masizi na oili.

"Gari yako imepigwa ngeta, mwalimu."

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana hakuna mwanakamusi ambaye angeitafsiri vizuri zaidi. Kilichowekwa kuvuta moshi kilikuwa kimekabwa na moshi huohuo.

Mzee hakukimbilia kununua spea. Alikagua waya na plagi yake, akapima umeme: volti 5 za sensa zilikuwepo. Akasafisha kwa dawa na kitambaa, bila kukikwangua. Kilango kikalegea, lakini alipokiamuru kwa mashine kijifunge, mota ililia na kilango kikabaki palepale. Akafungua kifuniko cha pembeni. Gia ya plastiki ilikuwa imepoteza meno matatu. Hapo ndipo alipokubali kwamba ni cha kubadilishwa. Alilinganisha nambari iliyochongwa kwenye kile cha zamani na cha kununuliwa, akaweka gaskiti mpya, akakaza bolti nne kwa kupishana, kisha akaifundisha kompyuta ya gari upya: hapa ndipo kufungwa, hapa ndipo kufunguka. "Ukiruka hii hatua," alisema, "utarudi hapa kesho ukilia." Jumamosi nilipanda Mai Mahiu nikiimba.

Wenzangu wa istilahi watauliza tukiiteje. "Kaba" limo tayari katika lugha, na "koo" ni la kila mtu. Mimi naegemea "kilango cha koo", ingawa najua Grogan itaendelea kusema throto, na kilango chenyewe hakitajali. Kinachonisumbua ni kwamba jina moja linabeba kazi mbili. Kijana aliyejifunza kwa mdomo, kutoka kwa fundi aliyejifunza kwa mdomo, alirithi sentensi iliyokuwa kweli tupu wakati wa mwalimu wake. Nasi tunaagiza kutoka ng'ambo magari ambayo hayajapita umri wa miaka minane, na kila shehena huja na kifaa ambacho hakuna aliyemweleza.

Nilirudi kwake nikiwa na kile kilango kibovu ndani ya gazeti. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi. Alikipokea, akakigeuza, akakisukuma kwa kidole, springi ikakirudisha wazi. Akakisukuma tena. Akaniangalia.

"Hii ilitoka kwa gari gani, boss?"

Nikamwambia. Akavuta kiti cha plastiki, akanipanguzia, akaenda kuwaita wenzake.