Jonathan Davies na Raga za Namna Mbili

Ndugu zangu wa shule, sisi tuliosukumana katika raga ya watu 15 aghalabu tunaisahau ile ya watu 13, ambayo asili yake ni ugomvi wa mshahara. Mwaka 1895 klabu zaidi ya 20 za kaskazini ya Uingereza zilikutana Huddersfield zikajitenga, kwa sababu wakubwa wa mchezo walikataa mfanyakazi wa kiwandani au mgodini alipwe fidia ya siku aliyokosa kazi ili acheze. Tangu hapo aliyecheza raga ya kulipwa alifungiwa mlango wa raga ya ridhaa.

Davies, mtu wa Wales, aliyajua hayo. Mwaka 1988 New Zealand iliwatandika 52-3, kisha 54-9. Januari 1989 akahamia Widnes kwa malipo. (Mimi mtumishi wa serikali simlaumu, nami nasubiri mwisho wa mwezi.) Oktoba 1994, Wembley, alifunga trai, Uingereza ikaishinda Australia 8-4.

Agosti 1995 raga ya watu 15 nayo ikaruhusu malipo. Mwaka uleule akarudi, akachezea Cardiff, na Wales hadi 1997. Mechi zake za Wales katika raga hiyo ni 32; kati ya 1989 na 1995 hakuna hata moja.