Misuli ya nyuma ya paja: mazoezi ya mashine

Misuli ya nyuma ya paja ni mitatu, nayo huanzia katika mfupa wa kukalia, isipokuwa kichwa kifupi cha mmoja wao, na kushuka hadi chini ya goti, ambapo hukunja goti na kusaidia kunyoosha nyonga. Wakazi wa Laare, mji wa biashara ya miraa katika Igembe Kaskazini, Kaunti ya Meru, huitumia kila wapandapo miinuko ya Nyambene. Lakini mlima huishughulisha zaidi nyongani, na kazi ya kukunja goti dhidi ya uzito hupatikana vyema zaidi katika mashine ya jimu.

Mashine hiyo ni ya aina mbili kuu, ya kulalia kifudifudi na ya kukalia. Ya pili ndiyo bora, kwa kuwa nyonga ikiwa imekunjwa misuli hufanya kazi ikiwa imerefushwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba baada ya wiki 12 misuli iliongezeka kwa asilimia 14 kwa waliokaa, na 9 kwa waliolala. Uzito hurudishwa polepole, maana misuli hii huchanika hasa inapovutwa huku ikijikaza, kama katika mbio za kasi, ambako hata Usain Bolt aliumia London mwaka 2017. Asiye na jimu hupiga magoti, mwenzake akamshika vifundo vya miguu, kisha hujishusha mbele taratibu.