Mlima Mfumbiro na Unene wa Penseli

Mwalimu wetu wa jiografia hapa Dzaleka alituambia tutie nukta ya penseli mahali ilipo kambi kwenye ramani ya Afrika iliyo ukutani. Skeli yake ni 1:10,000,000, yaani milimita moja ni kilomita 10. Nukta yangu ilimeza kambi nzima pamoja na vijiji vya jirani. Lilongwe, safari ya kilomita 50 hivi, ilikuwa milimita chache tu kutoka pale. Kisha akatupa ramani ya Malawi ya 1:50,000. Hapo nukta ileile ilifunika mita 50.

Mipaka ya kwetu, Maziwa Makuu, ilianza kwenye ramani za aina ile ya kwanza.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa Heligoland na Zanzibar. Magharibi ya Ziwa Viktoria mpaka ulifuata latitudo ya digrii 1 kusini hadi Kongo ya Mfalme Leopold. Lakini Waingereza walitaka mlima mmoja, Mfumbiro, ambao Speke aliuona kwa mbali mwaka 1861 akiwa Karagwe. Waandishi wa mkataba hawakujua uko upande gani wa mstari. Basi wakaandika kwamba ukionekana uko kusini, mpaka upinde kuuzunguka, kisha urudi mahali pake. Utauzungukaje mlima usiojua ulipo?

Kumbe haukuwa mlima mmoja. Ni safu ya volkeno za Virunga, na Muhabura uko digrii 1 na dakika 23 kusini, zaidi ya kilomita 40 kutoka kwenye mstari. Ukutani hizo ni milimita 4. Ardhini ni mashamba, watu na watawala wao.

Skeli peke yake haina lawama yote. Hata wangechora kwa 1:50,000, mlima uliotazamwa kwa mbali usingekaa mahali pake, kama vile picha ya simu yenye ukungu haiwi safi kwa kukuzwa. Ila skeli ndogo iliwafichia ukubwa wa kutojua kwao.

Mwaka 1909 Waingereza na Wabelgiji walikabiliana kwa askari huko Kivu. Mwaka 1910 mataifa matatu yalipatana Brussels, na mpaka ukapitishwa juu ya vilele vya Muhabura, Gahinga na Sabinyo.

Darasani tuna kijana wa Rutshuru na mwenzake wa Rwanda. Waliweka nukta moja juu ya Sabinyo, ikafunika Kongo, Rwanda na Uganda kwa pamoja. Wakabishana kwa Kinyarwanda nani ameiweka vibaya.