Karantini Baharini: Mwisho wa Safari ya Diamond Princess, 2020

Ukimwuliza mwanafunzi wa Kiswahili asili ya neno karantini, atakujibu haraka: Kiingereza. Jibu hilo si baya, ila limeishia njiani. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, uliamuru wageni waliotoka penye tauni wakae kando siku 30. Baadaye siku zikawa 40, na arobaini kwa Kiitalia ni quaranta. Kwa wafugaji wetu wa Uganda karantini ni kufungwa kwa masoko ya ng'ombe, lakini neno lenyewe ni mtoto wa bandari.

Mwaka 2020 lilirudi bandarini. Meli ya kitalii Diamond Princess iliondoka Yokohama, Japani, tarehe 20 Januari, ikapitia Hong Kong, Vietnam, Taiwan na Okinawa. Abiria mmoja aliyeshuka Hong Kong tarehe 25 alithibitishwa baadaye kuwa na virusi vya korona. Meli ikarejea Yokohama jioni ya tarehe 3 Februari.

Siku za mwisho za safari kama hizo zina desturi zake. Masanduku hufungwa na kuwekwa nje ya mlango, madeni ya vinywaji hulipwa, wahudumu hupewa bahashishi, na watu waliozoeana mezani huagana. Safari hii kuagana hakukufika mwisho. Maofisa wa afya walipanda kupima watu joto, na kesho yake abiria waliendelea kula pamoja kumbini. Asubuhi ya tarehe 5 ilitangazwa kwamba watu 10 wameambukizwa: kila abiria abaki chumbani siku 14.

Wenye vyumba vya roshani walipata upepo. Wale wa vyumba vya ndani visivyo na dirisha walitolewa kwa zamu kutembea sitahani, wamevaa barakoa. Chakula kililetwa mlangoni.

Kililetwa na nani? Hapa ndipo pa kusimama. Melini mlikuwa na abiria 2,666 na wafanyakazi 1,045, wengi wao kutoka Ufilipino na India. Hao waliendelea kupika, kuosha vyombo na kupita mlango kwa mlango, kisha wakalala wawili wawili katika vyumba vidogo na kula katika ukumbi mmoja. Katika uchunguzi wa mapema, kati ya wafanyakazi 20 waliothibitishwa kuugua, 15 walikuwa wa huduma ya chakula. Jumla ya walioambukizwa ilifikia 712 kati ya watu 3,711.

Kwa maoni yangu, meli ile ilikuwa na karantini ya abiria tu. Mpishi hakutengwa na mtu yeyote. Yeye ndiye aliyewezesha wengine watengwe.

Abiria walianza kushuka kwa wingi tarehe 19 Februari. Wafanyakazi wengi walingoja hadi siku za mwisho za mwezi, kisha wakaanza kuhesabu siku 14 zao. Nahodha Gennaro Arma alishuka wa mwisho tarehe 1 Machi.