Kabla hujanunua ndege kubwa ya rimoti, maliza kwanza darasa la ndogo

Juzi jamaa yangu kanipigia simu. Ana miezi miwili tu tangu aanze kurusha ndege za rimoti, na tayari anataka kununua ya injini ya petroli, mabawa mita mbili na ushee. Nikamwambia subiri kwanza, kaka. Mimi niliwahi kuwa na haraka hiyohiyo, na ndege yangu ya kilo 8 ikaanguka hatua chache tu kutoka kwenye uzio walipokaa wanangu. Hakuna aliyeumia, ila usiku ule sikulala. Niliyojifunza nayaweka hapa, huenda yakamsaidia mwingine.

Tuanze na hesabu. Ndege ya foamu ya kilo 1 ikienda mita 15 kwa sekunde ina nishati ya jouli 112 hivi. Ya kilo 8 ikienda mita 25 kwa sekunde ina jouli 2,500, yaani zaidi ya mara 22! Ile ndogo ikigonga mti unaokota vipande, unapaka gundi, kesho unarusha tena. Ile kubwa ikimgonga mtu hakuna gundi.

Watu watakwambia ndege kubwa ni rahisi kurusha. Hawadanganyi: upepo hauisumbui sana, na ikiwa mbali bado unaiona vizuri. Ndo mtego wenyewe huo. Mambo yakiwa shwari inakubembeleza, unajiona fundi. Siku ukikosea ndo unagundua hujui kitu.

Ya kuanzia iwe ya foamu, mota ya umeme, mabawa mita 1.2 hadi 1.5, yamekaa juu ya mwili na ncha zimeinuka kidogo kama V pana. Ya hivyo ikiyumba na ukaachia stiki, hujitahidi kukaa sawa yenyewe. Kabla ya kurusha hakikisha uzito umekaa sawa: kwa nyingi za aina hii, iwe inasimama mizani ukiishika chini ya bawa, kati ya robo na theluthi ya upana wake kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukiwa mzito haitawaliki.

Halafu kuna mambo matatu ya kufanyia mazoezi:

1. Ndege inapokuja kwako. Ikienda mbali, kushoto kwake ni kushoto kwako. Ikigeuka kukuelekea, inakuwa kinyume. Hapa ndipo nilipoangukia mimi. Ujanja ni huu: sukuma stiki kuelekea upande wa bawa lililoshuka, kana kwamba unaliwekea nguzo. Fanya kwanza kwenye kompyuta, kwa programu ya kuigiza urushaji, mpaka mkono ujue wenyewe.

2. Mwendo mdogo. Panda juu sana, punguza mota, vuta pua taratibu mpaka mabawa yaache kubeba na ndege idondoke. Anayeanza huzidi kuvuta, na hapo anaiua. Dawa ni kuachia, pua ishuke, ipate mwendo, ndo uinue taratibu.

3. Kutua. Siku zote elekea upepo unakotoka. Zoea kuzunguka uwanja kwa kushoto na kwa kulia pia. Kisha tua mota ikiwa imezimwa, manake injini ya petroli inaweza kukuzimikia angani bila kukuaga.

Kipimo changu siku hizi: tua mara 10 mfululizo ndani ya eneo ulilochagua mwenyewe kabla, tano kati ya hizo bila mota. Ukikosa moja, anza kuhesabu upya. Ukifaulu, nenda kwenye yenye mabawa chini ya mwili, ambayo haijisahihishi sana. Hiyo ukiimudu ndo uzungumzie kubwa.

Tafuta na mwalimu. Kuna namna ya kuunganisha rimoti mbili, akiona unapotea anakunyang'anya ndege kwa kuachia swichi tu. Mimi niliona aibu kufundishwa. Aibu hiyo ilinigharimu ndege nzima, na nashukuru ilikuwa ndege tu.

Sheria nayo. Huku Marekani niliko, kila anayerusha kwa kujifurahisha lazima awe amefanya mtihani wa TRUST (ni bure, unafanyika mtandaoni), na ndege ya gramu 250 au zaidi isajiliwe FAA. Walioko nyumbani, ulizeni TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya kabla hamjarusha chochote.

Jamaa yangu kanuna kidogo, lakini Jumamosi tuna miadi uwanjani, yeye na ndege yake ya foamu. Tutahesabu hizo kumi. Wenye uzoefu ongezeeni nilipopungukiwa.