Askari wa Risasi Mikononi mwa Watoto (Sehemu ya 6)

Wiki hii mama mmoja wa Mbagala alinionyesha kwenye simu kazi za mwanawe wa miaka 9: askari wa udongo, urefu wa kidole, kila mmoja na bunduki ya njiti ya kibiriti. Shule iliwapeleka Posta, mtoto akaiona Sanamu ya Askari, kurudi nyumbani akaanza kufinyanga. Jamani, wamependeza! Ila rangi kapaka ile ya mafuta iliyobaki kwenye kopo la geti, na brashi anailamba ili ncha isimame. Hapo moyo ukanipiga paa.

Ile sanamu ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Enzi hizohizo, kule London, kampuni ya William Britain ilikuwa inatengeneza askari wa kuchezea wa King's African Rifles. Yaani babu zetu wa KAR wakatiwa kwenye boksi, wakauzwa kwa watoto wa Ulaya!

Walitengenezwa kwa nini? Risasi. Kiswahili chetu hakikukosea: risasi ni ile ya bunduki, na pia ndilo jina la madini yenyewe. Tangu 1893 kampuni hiyo iliyeyusha risasi, ikaimimina kwenye kalibu, ganda la nje likishika ya ndani inamwagwa. Unapata askari mwenye uwazi tumboni, mwepesi na wa bei ndogo. Kisha wanawake wakawapaka rangi kwa mkono, mmoja mmoja, wengine wakifanyia kazi hiyo majumbani kwao. Hebu wafikirie wale kina mama, na watoto wao pembeni.

Na si kwamba dunia haikujua. Mwaka 1904 daktari Lockhart Gibson wa Queensland, Australia, aliandika kwamba watoto wanaugua kwa sababu ya rangi yenye risasi kwenye kuta na vizuizi vya baraza: wanashika, kisha wananyonya vidole. 1904! Askari wa risasi wa Britain walikoma 1966. Miaka 62 hiyo, mama.

Msidhani ni mambo ya Wazungu tu. Hapo Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari kupata risasi. Phyllis Omido alifanya kazi hapo huku ananyonyesha, mwanawe akaugua sana, vipimo vikaonyesha risasi mwilini. Akapambana, kiwanda kikafungwa 2014.

Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na mwenye upungufu wa madini chuma hufyonza zaidi. Inagusa ubongo. Mara nyingi huoni dalili yoyote, au unaona tumbo kuuma, choo kigumu, damu kupungua, mtoto mzito darasani, nanyi mnasema mvivu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Basi huyu kijana sikumkataza kufinyanga, ng'o! Nilimwambia mama yake kopo la geti litoke, hasa hizo rangi za njano na nyekundu, maana ndizo risasi ilizoea kutiwa. Anunue rangi za maji za shule. Brashi isiingie mdomoni, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Askari waliokwisha pakwa wasikwanguliwe, vumbi lake ndilo baya. Wafungwe kwenye mfuko, mdogo wake asiwafikie. Meza ifutwe kwa kitambaa kibichi. Dagaa, maharage na maini visikosekane. Na akienda kituo cha afya aseme wazi kuhusu ile rangi, kwa sababu mhudumu asipoambiwa hatawaza kupima risasi kwenye damu.

Jana kanitumia picha nyingine. Kikosi kipya, kofia nyekundu za rangi ya maji, mmoja kakatika mguu.

Sehemu ya 7 nitaongelea betri kuukuu zinazowekwa uvunguni mwa kitanda.